Betri za Basi Namba Mbili

Jumatatu, 3 Februari

Leo miezi minne kamili tangu shule ifungwe. Mabasi matano yamepangwa uani, vioo vimejaa vumbi. Kwenye namba tatu mtu ameandika kwa kidole: NIOSHE. Sioshi. Maji yote wanachukua mafundi ujenzi wanaoziba nyufa za madarasa, na nyufa zenyewe wakiziba huku zinafunguka kule.

Gereji nimebaki peke yangu. Madereva wote watano wamerudishwa nyumbani bila mshahara mpaka shule ifunguliwe. Mimi fundi umeme nimeachwa kwa nusu mshahara, nitunze betri zisife. Kazi ndogo, wanasema. Waje waifanye!

Kadi za vipimo zimeisha na Meneja hachapishi nyingine. Basi nitaandika humu.

Kila basi lina betri mbili, zimeunganishwa, volti zake zinajumlishwa. Betri iliyoshiba inasoma 12.7. Ikishuka chini ya 12.4 ina njaa. Ikikaa siku nyingi chini ya 12, ndani inaota chumvi ngumu, na hapo kuichaji ni kumpigia mbuzi gitaa.

Namba moja: 12.5 na 12.5. Namba mbili: 12.7 na 12.7, kama zimetoka dukani jana! Namba tatu na nne zinakwenda, hazina neno. Namba tano: 12.1 na 11.6.

Nikapima tena. 11.6. Nikaipiga mita kofi. 11.6!

Waya wa hasi niliufungua kwenye mabasi yote wiki ile ile ya kwanza, ili pasiwe na kitu kinachonyonya. Leo kwenye namba tano nimeukuta umefungwa, tena umekazwa vizuri. Nani? Nikamuuliza mlinzi. Akaangalia viatu vyake.

Namba tano ni basi la mdogo wangu.

Alhamisi, 6 Februari

Mwizi nimempata. Yuko nyumbani kwangu, amekalia kiti changu, anakunywa chai yangu.

Hata hakukataa. Wenzake wanamwita Redio kwa sababu hajui kuendesha bila redio kuimba. Kila Jumapili, mimi nikiwa nafua, anamwambia mkewe anatoka kunyoosha miguu. Kumbe anakwenda uani. Anafunga waya, anawasha basi dakika tano "lipashe damu moto", anazima. Halafu anakaa kwenye kiti cha dereva anasikiliza mpira mpaka filimbi ya mwisho. Miezi minne!

Nikamwambia: stata ikigonga mara moja inachota umeme kwa bakuli. Dakika tano za kuunguruma pale pale zinarudisha kijiko. Halafu redio juu yake, saa mbili! Ungeiacha na waya wake wazi ingelala salama. Wewe umekuwa ukiiamsha kila wiki na kuilaza na njaa.

Akasema alidhani ananisaidia. Halafu akasema, kwa sauti ndogo, kwamba pale kwenye kiti ndipo mahali pekee siku hizi asipojisikia mgeni.

Tangu Oktoba wanalala sebuleni kwangu, yeye, wifi na watoto wawili. Godoro wanalikunja asubuhi kabla sijatoka chumbani, nisilione. Nimewaambia mara ngapi wasijisumbue.

Mama alipofariki yeye alikuwa na miaka minne, mimi kumi na mitatu. Nilimbeba mgongoni mpaka siku aliyoanza shule. Wakati mwingine naona bado hajashuka, na wakati mwingine naona mimi ndiye nisiyemshusha.

Jumanne, 11 Februari

Mzee Taratibu amekuja. Jina tulimpa sisi. Miaka ishirini na mitatu anabeba watoto wa watu na hajawahi kupiga honi kwa hasira. Amevaa shati la kazi, limepigwa pasi. Mkononi chupa mbili za maji ya betri kwenye mfuko wa karatasi, utadhani anakwenda kumwona mgonjwa.

"Hujambo mwanangu? Bibi naye hajambo?"

Bibi ni basi lake, namba mbili. Nikamfungulia sanduku aone mwenyewe. Vichwa vya betri vinang'aa. Yeye ndiye aliyenifundisha: magadi na maji ya uvuguvugu kuondoa ule unga mweupe, kukausha, halafu grisi. Leo akachungulia akacheka. "Grisi kidogo, mwanangu. Unaipaka, huikaangi."

Akakaa kwenye kiti cha dereva, mikono juu ya usukani. Nikamwacha, nikaenda kugombana na mafundi ujenzi. Niliporudi alikuwa ameshaondoka. Siku hizi siamini mtu — nikaangalia waya: uko wazi. Nikapima. 12.7 na 12.7.

Najua ninavyodaiwa na mzee huyu. Nilipoanza hapa, na cheti changu kwenye bahasha, mafundi wanaume walinipa birika. Wiki tatu nachemsha chai! Siku ya kwanza ya wiki ya nne Bibi akagoma kuwaka. Mzee akasema hataki mtu aguse isipokuwa yule aliyeshika birika. Wakacheka sana. Basi likawaka. Miaka kumi na miwili sasa, na sijachemsha tena chai ya mtu.

Ijumaa, 14 Februari

Meneja ameniita ofisini. Hakuniambia nikae.

Mwenye shule atakuja kukagua kabla ya kufungua. Kila dereva ataketi kwenye basi lake, atawasha. Likiwaka lenyewe, bila kusukumwa, bila kuazimwa umeme wa gari jingine — basi linabaki na dereva wake anabaki. Lisipowaka linauzwa chuma chakavu. Na dereva? Barua ya shukrani. Watoto watakaorudi ni wachache, anasema, mabasi matano ni mengi.

Kwa hiyo wanatafuta sababu ya kupunguza watu, na sababu yenyewe wamenikabidhi mimi niilee!

Nikaomba betri moja mpya kwa ajili ya namba tano. Alicheka. Nikaomba angalau anirudishie ile chaja ndogo, ya kuchaji betri moja moja, aliyoichukua kwa ajili ya gari la mkewe. Nitaletewa. Najua sitaletewa. Iliyobaki gerejini ni ile kubwa ya zamani, inayochaji betri mbili kwa pamoja. Haijizimi yenyewe.

Nimerudi nyumbani, Redio ananiuliza kama kuna habari. Nikamweleza yote. Akaweka kikombe chini. Hakuuliza kuhusu basi lake. Akauliza tu tarehe, nami nikamwambia haijapangwa.

Jumanne, 18 Februari

Soketi inayofanya kazi ni moja, na imekaliwa na mashine ya zege. Naipata wanapokwenda kula, kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Betri zenye njaa zinataka saa kumi! Nimeomba, nimebembeleza, nimetukana. Msimamizi wao akasema: dada, wewe una mabasi, mimi nina ukuta ambao utaangukia watoto.

Nimepima tindikali ya ile betri mbovu ya namba tano, chumba kimoja kimoja. Vyumba vitano kati ya sita vinajikongoja. Cha tatu — kiboya cha kipimo hakikuelea kabisa, kilizama kikakaa chini. Chumba kimekufa. Hii haitafufuka, na mwenzake naye anachoka kwa kuibeba.

Sikumwambia Redio. Jioni wifi alikuwa anamtengenezea sare, anahamisha vifungo kwa sababu amekonda. Akaniambia: dada, tukirudi kazini tu, tunatafuta chumba, tunakuachia nyumba yako upumue. Nikamwambia sina haraka ya kupumua. Tukacheka wote. Mimi nilicheka kwa nguvu kupita kiasi.

Jumatano, 26 Februari

Nimefanya.

Saa saba mchana, mafundi wako kwenye chakula, mlinzi naye amewafuata. Spana namba kumi na tatu, toroli la zege. Nimetoa betri moja nzima kwa Bibi, nimeitia namba tano. Ile iliyokufa nimeitia kwa Bibi. Dakika arobaini. Mgongo unaniuma mpaka sasa.

Kila fundi umeme anajua: betri mbili za basi moja zizeeke pamoja. Usichanganye nzima na mbovu, mbovu itamla mwenzake. Nimewafundisha wanagenzi kumi na zaidi neno hilo hilo.

Nilikuwa na hoja zangu. Mzee ana miaka sitini na mmoja, hata hivyo alikuwa anakaribia kupumzika. Watoto wake wakubwa. Redio ana wawili wadogo na godoro la kukunja. Damu nzito kuliko maji. Nimezipanga hoja hizi toka asubuhi, zimepangika vizuri. Mtu ukiona hoja zako zinapangika vizuri hivyo, ujue kuna kitu unakimbia.

Namba tano sasa: 12.3 na 12.7. Nikiishibisha itawaka.

Bibi: 12.7 na — sikupima.

Alhamisi, 27 Februari

Mzee amenipigia simu. Nikadhani amejua.

Hapana. Anauliza kama nimesikia tarehe ya ukaguzi. Hana kawaida ya kuuliza. Nikamwambia bado, kwani vipi mzee wangu? Akazunguka kwanza, mvua, magoti, bei za vitu. Halafu akasema. Mkewe ana uvimbe tumboni. Madaktari wamesema ukatwe mapema, usisubiri. Kadi ya bima ya kazini ilizimwa siku ile madereva waliporudishwa nyumbani. Siku atakayorudi kazini inawashwa.

"Lakini sina wasiwasi," akasema. "Bibi yuko mikononi mwako."

Nikamwambia ndiyo, mzee wangu. Ndiyo, usiwe na wasiwasi. Nikakata simu nikakaa sakafuni.

Jumamosi, 1 Machi

Mafundi ujenzi wamepumzika mpaka Jumatatu. Soketi ni yangu! Mlinzi amekubali.

Akili yangu leo: zile za namba tano zinaweza kungoja. Chaja nimempa Bibi. Nimesikia visa vya betri iliyokufa kufufuka kwa kuchajiwa polepole siku mbili, tatu. Chumvi inayeyuka. Mara chache, lakini inatokea. Ikifufuka, basi sikumdhulumu mtu. Mabasi yote mawili yatawaka na hili litabaki kati yangu na daftari.

Nimeunga chaja saa tatu asubuhi. Nikasimama pale nikiisikiliza inavyovuma. Nimesali pia, mimi ambaye sina mazoea.

Jumapili, 2 Machi

Nimekwenda mchana. Nikatia mita, nikapima zote mbili kwa pamoja: 28.1. Vizuri kabisa! Namba ya vitabuni, kumi na nne kwa kila betri inayochajiwa. Nikafurahi nikaiacha iendelee. Nimerudi nyumbani nikiimba, wifi akauliza leo kuna nini.

Jumatatu, 3 Machi

Harufu niliipata tangu getini. Mayai viza.

Nilikimbia. Betri ile nzima, ile nzuri ya Mzee iliyobaki — imevimba ubavu, ina moto haishikiki, vyumba vyote vimechemka vikakauka, sahani za ndani ziko nje ya maji zimepinda. Ile mbovu iko pale pale, baridi, haina habari.

Nilipima jumla! 28.1 jumla! Mbovu imekataa kupokea, imekaa kwenye 11 yake, na sehemu yake yote ikaingia kwa mwenzake. 11 na 17. Jumla 28. Mtoto wa shule hii angepima moja moja. Mimi miaka kumi na miwili! Na najua kwa nini sikupima moja moja. Sikutaka kuiona ile mbovu. Jumla ilinipendeza nikaishia hapo.

Nimezima. Nimekaa kwenye ngazi ya Bibi. Nililia, ndiyo. Msimamizi wa mafundi alipita akauliza kama nimeungua, nikamwambia moshi wa tindikali umeniingia machoni.

Sasa hesabu ni hii. Betri nzuri zilizobaki za mabasi mawili haya ni mbili tu, na zote ziko namba tano: moja ya Redio, moja ya Mzee. Nikizishibisha kwenye saa za chakula, zinatosha basi moja. Basi moja tu.

Alhamisi, 13 Machi

Barua imebandikwa getini. Ukaguzi Jumatatu, tarehe kumi na saba, saa nne.

Nimezunguka maduka matatu ya vyuma chakavu kutafuta betri iliyotumika yenye uhai. Nimepima ishirini. Zote maiti. Nimemfuata tena Meneja, nikamwambia ukweli nusu: namba mbili imepata hitilafu. Akasema vizuri, moja imeshapungua. Hakuinua hata uso. Nilitamani nimwambie nusu iliyobaki, kinywa kikakataa.

Kama nikizitoa zote mbili kwenye namba tano nikazirudisha kwa Bibi — Mzee anabaki, mkewe anakatwa uvimbe. Redio anapata barua. Na ni haki! Ni Redio aliyeua betri yake kwa mpira wake. Mzee hakuua kitu.

Kuandika hivyo ni rahisi. Ngumu ni nyumbani. Mtoto mkubwa wa Redio amechora basi la njano, amebandika mlangoni kwangu. Dereva ana kichwa kikubwa kuliko gurudumu.

Jumamosi, 15 Machi

Nimeamua. Kesho hakuna mtu uani. Nitazihamisha.

Redio nitamwambia mwenyewe kabla ya Jumatatu. Atanichukia mwaka mmoja, miwili. Atalala sebuleni kwangu akinichukia, na mimi nitampikia. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Nilimchelea mno, hilo nalo ni kosa langu.

Jumapili, 16 Machi

Nilifika saa tatu. Nimezifungua, nimezitoa, zote mbili ziko kwenye toroli. Sanduku la namba tano wazi, tupu. Bado hatua ishirini mpaka kwa Bibi. Nimeshika mikono ya toroli.

"Dada! Kumbe na wewe umekuja kulihudumia!"

Redio. Ndoo mkononi, kitambaa begani, watoto wake wawili nyuma. Amekuja kuosha basi kwa ajili ya kesho. Hakugusa waya, anasema, ameapa hataugusa tena maisha yake yote. Akaona toroli. Akauliza, zimekuwaje, mbona ziko nje?

Nikasema nazisafisha.

Hilo ndilo lililonitoka. Nazisafisha. Akasema pole, mbona hukuniambia, kazi ya kubeba hii ni ya mwanamke mmoja? Akakunja mikono ya shati. Akaiinua ya kwanza, akaitia kwenye sanduku. Akaiinua ya pili. Watoto wanampigia makofi baba yao. Akaniuliza, nyekundu inakuja huku, sivyo? Nikasema ndiyo. Nikampa spana.

Nilikuwa na kinywa. Nilikuwa na muda — walikaa saa mbili wakiosha, wakirushiana maji. Nilikaa kwenye kivuli cha Bibi nikiwaangalia na sikusema neno. Walipomaliza tuliondoka pamoja, mdogo nimembeba mimi, amelala begani.

Jumatatu, 17 Machi

Naandika gerejini. Nimefunga mlango.

Wote watano walifika kabla ya saa tatu, wamenyoa, wananukia sabuni. Mwenye shule alichelewa. Alipofika hakushuka kwenye gari lake, aliteremsha kioo tu. Meneja akasimama katikati na karatasi.

Namba moja ikawaka. Madereva wakashangilia. Meneja akaita namba mbili.

Mzee alipanda taratibu, akarekebisha kioo, akafunga mkanda. Mkanda! Basi limeegeshwa. Akazungusha ufunguo. Tak. Akangoja. Tak. Taa kwenye dashibodi zikawaka kidogo zikafifia. Mara ya tatu hata tak haikusikika. Meneja akaandika kitu na kusema tuendelee.

Tatu ikawaka. Nne ikawaka. Tano ikawaka mara moja, kwa kelele, na Redio akapiga honi ndefu halafu akakumbuka, akaiacha. Akamwangalia Mzee. Hakuna aliyeshangilia ile ya mwisho.

Nikasema moyoni, sasa. Nikapiga hatua kwenda kwa Meneja. Nilikuwa nakwenda, naapa nilikuwa nakwenda. Lakini Mzee alinitangulia. Alishuka na kofia mkononi, akaenda mbele ya gari la mwenye shule, akasema hilo ni kosa lake yeye. Mwezi uliopita alikuja kumwona Bibi. Fundi alipokwenda kwa mafundi ujenzi, yeye alifunga waya, akawasha taa kidogo aone kama zina uhai. Anakumbuka kufunga waya. Kuufungua hakumbuki. Amewaza jambo hilo wiki nyingi, hakuwa na ujasiri wa kumwambia fundi. Uzee, akasema. Fundi asilaumiwe, fundi amefanya kazi yake.

Aliufungua! Mimi nilirudi nikaukuta wazi! 12.7 na 12.7, imo humu, mwandiko wangu mwenyewe.

Halafu akanigeukia, mbele ya watu wote.

"Nisamehe, mwanangu. Nimekuharibia kazi yako."

Sikujibu. Mtu akiombwa msamaha anajibu, hata mtoto anajua. Nilisimama tu. Wakadhani nimekasirika. Dereva wa namba nne akaninong'oneza nimsamehe mzee wa watu, ameshaadhibiwa vya kutosha. Redio akaja akanishika bega, machozi yanamlengalenga, akasema ingekuwa uwezo wake angempa Mzee zake. Hivyo ndivyo alivyosema. Angempa zake.

Kioo cha gari kikapanda.

Meneja amenipa fomu ya kulifuta basi kwenye orodha. Yake ameshajaza. Imebaki sehemu ya fundi: Sababu ya kuharibika, mstari mmoja, na saini. Mwenye shule anangoja kwenye gari lake, anataka kuondoka. "Andika alivyosema mzee mwenyewe. Si amekiri?"

Nimefunga mlango nikafungua daftari hili badala ya kushika ile fomu. Iko mezani, karibu na kiwiko changu. Nje injini ya namba tano bado inaunguruma, Redio anaogopa kuizima.

Nikiandika kweli: Redio barua, mimi barua, wifi na watoto na godoro lao kwangu, na mimi mwenyewe sina kazi ya kuwalisha. Na Meneja atamrudisha Mzee? Basi halijawaka. Alisema lisipowaka. Labda atafurahi tu, wamepungua watatu badala ya mmoja. Hoja zinajipanga tena. Zinajipanga vizuri.

Nikiandika alivyosema Mzee, atakwenda nyumbani akamwambie mkewe kwamba ni yeye. Atamwambia hivyo mpaka mwisho, na bila kadi ya bima mwisho wenyewe hauko mbali.

Meneja amegonga. Nimesema dakika moja.

Mzee hajaondoka. Amekaa nje ya mlango juu ya ndoo iliyopinduliwa, namwona kupitia upenyo. Amesema haondoki bila kuniaga vizuri. Amesema niandike tu, nisimwonee haya, yeye ameshasema yaishe. Anaona nimekawia. Sasa anauliza kama kalamu yangu imekwisha wino, anayo yake mfukoni.

Nimemwambia inaandika.